Urafiki Si Ushahidi

Kijana mwenzangu, hebu jibu swali hili. Vita viko mlangoni, rafiki wa serikali yako anakuja na faili mkononi: "Majasusi wangu wamethibitisha. Tuamini." Serikali yako ikubali?

Wengi wenu 2003 mlikuwa wadogo ama hamjazaliwa, kwa hivyo wacha nikueleze. Tarehe 5 Februari mwaka huo, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuwa Iraq ina maabara za silaha za kibayolojia zinazohamishwa kwa malori. Chanzo kikuu alikuwa mkimbizi mmoja wa Iraq, aliyehojiwa na majasusi wa Ujerumani. CIA wenyewe hawakukaa naye chini hadi 2004, Baghdad imeshapigwa mabomu. Mwaka 2011 jamaa alikiri alidanganya.

Uingereza na Australia zilituma wanajeshi. Jirani zetu Uganda na Rwanda waliorodheshwa kama waungaji mkono. Ufaransa na Ujerumani, marafiki wa Marekani vilevile, zilisema wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walioko Iraq waongezewe muda. Silaha hizo hazikupatikana. Waliozikwa hawakurudi.

Kwani basi kila neno la rafiki ni uongo? La. Mwanzoni mwa 2022 Marekani na Uingereza zilionya kwamba Urusi itaivamia Ukraine. Ufaransa na Ujerumani zikatilia shaka, na safari hii zikakosea. Lakini ona tofauti: wanajeshi waliorundikana mpakani walionekana kwenye picha za setilaiti ambazo hata wewe ungeziona kwa simu yako. Tena onyo lile lilisema jikingeni. Lile la 2003 lilisema twendeni tukavamie. Anayetaka uue kwa neno lake ana deni kubwa zaidi la ushahidi.

Kwa hivyo serikali isikilize rafiki, lakini iulize: nani aliona kwa macho yake? Nani mwingine amekagua? Tukikosea, nani atazikwa?

Na wewe, kesho ukiambiwa "hiyo ni siri ya usalama, nyamaza," usinyamaze. Kuuliza si ujinga, wala si usaliti. Mwaka 2003 waliouliza waliitwa waoga. Leo tunajua nani alikuwa sahihi.