ENZI YA SHABA NA JASHO LA WAJENZI

Huenda wako wasomaji watakaouliza: shaba iliyochimbwa Japani zaidi ya miaka 1,300 iliyopita yawahusu nini wafanya kazi wa leo? Sisi twasema yawahusu sana.

Mwaka 708 shaba safi ilipatikana Chichibu, katika jimbo la Musashi, ikapelekwa kwa Malkia Genmei. Furaha ya watawala ilikuwa kubwa hata wakakipa kipindi kile jina la shaba hiyo, yaani Wado. Kilidumu hadi mwaka 715. Katika muda huo mfupi zilitolewa sarafu za Wado Kaichin. Mwaka 710 mji mkuu ulihamishwa kutoka Fujiwara kwenda Heijo, palipo Nara ya leo. Na mwaka 712 Malkia alikabidhiwa Kojiki, kitabu cha habari za kale za miungu na wafalme.

Haya ni mambo makubwa, nasi hatuyadharau. Lakini ni nani waliopasua mbao na kusawazisha ardhi ya mji ule? Ni wakulima walioletwa kutoka majimboni kufanya kazi ya shokoa. Wengine walibeba mabegani mwao kodi ya nguo na mazao mpaka mji mkuu.

Ushahidi wa taabu yao hatuutoi kwa wapinzani wa serikali ile, bali katika kumbukumbu zake yenyewe, Shoku Nihongi. Amri ya mwaka 711 yakiri kwamba wajenzi walikuwa wakitoroka kwa kuchoshwa na kazi. Amri ya mwanzo wa mwaka 712 yasikitisha zaidi: wengi waliorudi makwao waliishiwa chakula, wakafa njaa njiani. Maofisa wa majimbo waliagizwa kuwalisha wenye njaa, kuwazika waliokufa, na kupeleka majina yao vijijini kwao.

Twakubali kuwa agizo hilo lilikuwa la huruma. Hata hivyo, huruma inayomkuta mtu kaburini imechelewa. Ilipasa chakula cha safari ya kurudi kihesabiwe siku ile ile yalipohesabiwa matofali ya paa la jumba la kifalme.

Na fedha ilimsaidia nani? Mwaka 712 wasafiri waliamriwa wachukue sarafu za kununulia chakula njiani. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilitangazwa kwamba ofisa wa cheo cha chini atakayeweka akiba ya sarafu 10,000 atapandishwa daraja. Wanahistoria hukadiria kwamba sarafu moja ilikuwa ujira wa kutwa. Basi mjenzi angehitaji kufanya kazi zaidi ya miaka 27, bila kula, ili azipate! Wahenga walisema fedha ilivunja nguu, milima ikalala. Lakini pale ilivunja migongo ya watu. Sheria ile ya vyeo ilifutwa mwaka 800, kwa kuwa ilifanya fedha zifichwe badala ya kuzunguka.

Ndugu wafanya kazi, kila taifa lahitaji miji, barabara na fedha yake. Hatupingi ujenzi. Tunalosisitiza ni kwamba kila mpango wa ujenzi upimwe kwanza kwa hali ya anayeujenga: anakula nini, analipwa nini, na atafikaje kwake kazi ikiisha. Watawala wa Wado waliyauliza maswali hayo baada ya watu kufa. Yapasa yaulizwe kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.