Miti ya huku ilienda wapi?

Mwezi uliopita tulikuwa ndani ya basi la Arusha kwenda Musoma, tunakatiza Serengeti. Binti yangu wa miaka tisa, pua ameigandamiza kwenye kioo, akauliza: "Mama, miti ya huku ilienda wapi?" Kwa uchovu wa safari nikamjibu, "Watu waliikata wakachoma mkaa." Kondakta akaguna. Mtoto akamtazama, akanitazama na mimi, na hakuuliza tena kitu hadi tunashuka.

Kimya kile kilininyima raha. Nikaanza kutafuta.

Kumbe mbuga zile za kusini zina sababu yake. Volkano za upande wa Ngorongoro zilimwaga majivu, yakaganda chini ya udongo kuwa tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi. Nyasi hazijali, mizizi yake haihitaji kwenda mbali.

Lakini habari ya nyasi Afrika Mashariki ni ya kale zaidi ya majivu hayo. Kwa mamilioni ya miaka hewa ukaa, ambayo ndiyo chakula cha mimea, ilipungua angani. Kuna kundi la nyasi za nchi za joto lenye ujanja wa kuikusanya hata ikiwa kidogo, tena bila kupoteza maji mengi. Mvua zilipogeuka kuwa za msimu, nyasi zilikauka, moto ukapita, miche ya miti ikateketea, nyasi zikachipua upya. Wataalamu husoma haya kwenye kaboni iliyobaki ndani ya udongo na meno ya wanyama wa kale. Zamani walidhani nyasi hizi zilishika nafasi miaka milioni 10 hivi iliyopita. Utafiti uliotoka 2023, wa maeneo ya Kenya na Uganda, ukazikuta tayari zipo zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Sababu ipi ilikuwa na nguvu zaidi, bado wanabishana.

Mimi kilichonifurahisha ni cha jikoni: mahindi, mtama, ulezi na muwa ni ukoo huo huo. Mpunga na ngano, hapana.

Jumapili nikisonga ugali nilimwita nikamsimulia yote, nikianza na kwamba siku ile nilimdanganya.

"Nilijua," akasema. "Kondakta aliguna." Akavuta kigoda, akakaa. "Sasa mama, kabla nyasi hazijaja, nyumbu walikuwa wanakula nini?"