Fedha za Video Zatoka Wapi?

Siku hizi, wanafunzi wakikutana wakati wa likizo, hawakawii kuzungumza juu ya video za simu. Mmoja husema kuwa kijana fulani amejenga nyumba kwa kucheza ngoma mbele ya simu. Wa pili hujibu kuwa yeye ameijua njia iliyo rahisi zaidi, maana hulipwa kwa kutazama tu. Wazee nao wakisikia hutikisa vichwa na kusema kuwa yote hayo ni upuzi. Mimi naona kuwa wazee wamekosea kidogo, na yule kijana wa pili amekosea sana.

Kwanza na tuulize: fedha hizo zatoka wapi? Tuchukue YouTube, ambayo wengi wetu twaijua. Mfanya biashara mwenye sabuni ya kuuza hulipa ili tangazo lake lionekane katika video. Katika kila shilingi 100 za matangazo ya video ndefu, mwenye video hupata 55, na kampuni hubaki na 45. Hapana uchawi hapo. Ni kama mtu mwenye nyumba kando ya barabara, anayelipwa kwa sababu ukuta wake umepakwa tangazo.

Lakini ukuta huo haujengwi kwa siku moja. Ili mtu apate sehemu ya fedha za matangazo, lazima awe na wafuasi 1,000, na video zake ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 katika miezi 12. Au video zake fupi ziwe zimetazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Pigeni hesabu: kila mtazamaji akikaa dakika 5, saa hizo 4,000 ni sawa na kutazamwa mara 48,000! Hata baada ya hayo, fedha hazitumwi mpaka zifike dola 100, na aliye chini ya miaka 18 hawezi kuzipokea bila mzazi au mlezi. Tena wafanya biashara hulipa zaidi kwa mtazamaji wa Marekani kuliko wa Uganda. Na bando nalo lina gharama, hasa tangu Julai 2021, serikali ilipoanza kulitoza kodi ya asilimia 12.

Hata hivyo wapo waliofaulu. Mwaka 2014 watoto wa Ghetto Kids wa Kampala walicheza wimbo wa Eddy Kenzo uitwao "Sitya Loss", na video yao ikazunguka ulimwengu. Mwaka 2023 kundi hilo lilifika fainali ya mashindano ya Britain's Got Talent huko Uingereza. Kati ya mambo hayo mawili ilipita miaka 9. Hiyo ni kazi kama kazi nyingine, nami sioni haki ya kuiita upuzi.

Sasa nije kwa yule anayelipwa kwa kutazama. Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake silitaji, aliingia katika mpango wa namna hiyo likizo iliyopita. Aliambiwa atoe kwanza shilingi 100,000, kisha atazame video 10 kila siku. Juma la kwanza alipokea fedha kidogo katika simu yake, akafurahi, akawaita na rafiki zake. Juma la tatu alitia karo yote ambayo mama yake alikuwa ameipata kwa kuuza kahawa. Siku chache baadaye mpango ule ulitoweka, na waliokuwa wakiusimamia hawakupokea simu tena. Alirudi shuleni muhula ukiwa karibu nusu, na mpaka leo hajathubutu kumweleza mama yake jambo lote.

Msimcheke. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kumfuata. Kilichoniokoa si akili, bali sikuwa na hizo shilingi 100,000.

Wengine husema, "Lakini mwanzoni alilipwa kweli!" Ndiyo, alilipwa, ila kwa fedha za waliojiunga baada yake, na wale rafiki zake walikuwa miongoni mwao. Mwenye sabuni hulipa ili watu wanunue sabuni yake. Hana sababu ya kumlipa mtu anayetazama tangazo kwa ajili ya ujira tu, wala hana haja ya kumdai kwanza shilingi 100,000. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayekuambia kuwa utakipata umelala kitandani, huyo ana lake.

Basi nashauri hivi. Mwenye kipawa na atengeneze video wakati wa likizo, aanze na jambo analolijua vema: hesabu, kilimo cha kahawa, au hata Kiswahili, wala asiweke karo rehani. Nanyi wazee wetu mliosoma hapa, hasa mnaofanya kazi katika mabenki, twawaomba mje mtueleze hila hizi kabla muhula haujafungwa, maana likizoni ndipo wenzetu hunaswa. Na kila mmoja wetu, kabla ya kutoa hata shilingi 500, na aulize ni nani anayelipa. Asipoonyeshwa mtu huyo, ajue kuwa ni yeye mwenyewe.