ATI ANAYEULIZA NI RAFIKI WA MAGAIDI?

Wako watu wenye jibu moja tu kwa kila swali. Ukitaja sheria za usalama, wanakurukia: "Unawatetea magaidi!"

Neno hilo si geni masikioni mwetu. Tarehe 20 Oktoba, 1952, Gavana Baring alitangaza hali ya hatari katika Kenya, na tangu hapo Mwafrika aliyedai ardhi yake aliweza kuitwa gaidi. Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakakusanya watu maelfu kwa maelfu. Wengi walipitishwa mbele ya wapelelezi waliofunikwa magunia. Gunia likitikisa kichwa, mtu huenda kizuizini bila kumwona hakimu. Mwaka 1959, kule Hola, wafungwa 11 walipigwa hata wakafa, nayo serikali ikasema kwanza ati ni maji waliyokunywa! Ilipofika 2013 Uingereza ikawalipa wazee zaidi ya 5,000 fidia ya pauni milioni 19.9.

Sasa hesabuni miaka. Aprili 2014, yaani miaka 60 kamili, watu maelfu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wengi wao Wasomali, wakajazwa katika uwanja wa Kasarani ili wachujwe. Mara hii hapakuwa na Gavana. Bendera ilikuwa yetu wenyewe.

Hatusemi adui hayupo. Westgate, 2013, walikufa watu 67. Garissa, tarehe 2 Aprili, 2015, walikufa 148, wengi wao wanafunzi. Asiyewalilia hao hana utu. Lakini chuoni kwetu cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu anayelichapa darasa zima kwa kuwa hakumjua mwizi wa chaki, ameshindwa kazi.

Na ile sheria ya Desemba 2014 je? Ilipitishwa Bungeni wabunge wakishikana mashati, ikatiwa sahihi siku ya pili yake. Ilitaka mwandishi wa habari aweze kutozwa shilingi milioni tano au kufungwa miaka mitatu kwa habari ya kudhoofisha upelelezi. Ilitaka wakimbizi wasizidi 150,000, kana kwamba vita huko watokako husimama idadi ikitimia! Tarehe 23 Februari, 2015, majaji watano walifuta vifungu vinane, na sehemu kubwa ya sheria ikabaki.

Kwa hiyo anayesema mahakama ndiyo iliyoifungia polisi mikono anawadanganya. Siku ya Garissa mauaji yalianza alfajiri, na kikosi maalumu kilitoka Nairobi, kikafika baada ya saa nyingi. Ni kifungu gani kati ya vile vinane kingewafikisha mapema? Kilichokosekana ni ndege na amri, wala si ruhusa ya kumfunga mwandishi.

Basi mbunge atakapokuja kwenye mkutano wa tawi, msimpigie makofi kwanza. Mwulizeni: leo Garissa ikiita alfajiri, kikosi kitafika saa ngapi? Naye akiwaita magaidi, katibu wa tawi aliandike neno hilo katika kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la aliyelitamka.