Ujumbe wa malipo hausemi ulinunua simu gani

Umenunua simu ya ex-Dubai hapa Malindi kwa shilingi 18,000. Umelipa kwa simu, ukaondoka. Wiki ya pili haichaji. Fundi wa muuzaji anaifungua, anakuta kutu ya kijani kwenye bodi. "Hii uliitia maji." Wewe unaapa hata tone halijaigusa. Na tusisahau, hapa Pwani hewa ya chumvi pekee yaweza kuleta kutu hiyo.

Hapo ndipo wateja wanatupigia wakitaka turudishe pesa. Tuseme wazi: hatuwezi. Kurudisha muamala ni kwa aliyekosea nambari, na wewe ulimlipa uliyemkusudia. Ujumbe wetu unaonyesha kiasi, tarehe na jina la aliyepokea. Hauonyeshi simu gani, wala mlielewana nini.

Ila hatukubaliani na wanaosema bidhaa ya nje isiyo na waranti haina wa kudaiwa. Lile tangazo la "mali ikiuzwa hairudishwi" halina nguvu wanayodhani. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inachukulia kwamba muuzaji ameahidi bidhaa yenye ubora unaofaa, na sharti la kuifuta ahadi hiyo ni batili. Kiwanda kiko mbali, sawa, lakini unayemdai ni uliyempa pesa. (Simu iliyotumika haitakuwa kama mpya, hilo nalo tulikubali.)

Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Lakini utaulizwa ushahidi.

Kwa hivyo kabla hujalipa, bonyeza *#06#. Ile IMEI iandikwe kwenye risiti pamoja na maneno aliyokwambia kwa mdomo: "mwezi mmoja, ikiharibika nabadilisha." Hana kitabu cha risiti? Akuandikie WhatsApp. Akikataa kuandika popote, sisi tungerudi nyumbani na pesa zetu. Lipa kwenye till ya duka, si laini ya kijana aliyesimama mlangoni, maana jina litakalobaki kwenye ujumbe ndilo utakalolidai.

Kwa fundi pia ni hivyo hivyo: bei iandikwe kwanza, na akibadilisha skrini, dai ile ya zamani uondoke nayo.