Mtoto Akiuliza, Mwambie Kweli

Wazazi wengi wameikumbatia imani moja bila kuihoji: kwamba mtoto akianza kuuliza kama Baba Krismasi yupo kweli, wajibu wa mtu mzima ni kumhakikishia kwamba yupo. Kumjibu hivyo kunaitwa upendo. Anayemwambia mtoto ukweli huonekana mtu mkavu, asiye na huruma, aliyempora mtoto utoto wake. Mimi nasema imani hiyo ni potofu na ina madhara. Inaidharau akili ya mtoto, inamfuta mtu aliyetoa zawadi, na inamfundisha mtoto kwamba akiuliza jambo kwa moyo safi anaweza kujibiwa uongo na watu anaowaamini kuliko wote.

Jibu maarufu kuliko yote kwa swali hili lilitolewa New York mwaka 1897. Msichana wa miaka 8, Virginia O'Hanlon, alikuwa ameambiwa na rafiki zake kwamba Baba Krismasi hayupo. Akamwendea baba yake. Baba alikuwa daktari ambaye kazi yake ilihusu kuchunguza vyanzo vya vifo, mtu aliyezoea kutafuta ukweli hata pale unapouma. Lakini swali la mwanawe hakulijibu. Alimwambia aliandikie gazeti la The Sun, ambalo nyumbani kwao lilichukuliwa kuwa likisema jambo, basi ndivyo lilivyo. Mtoto akaandika barua fupi kuomba aambiwe ukweli. Tarehe 21 Septemba gazeti likamjibu kwa tahariri isiyo na jina la mwandishi. Baada ya kifo cha Francis Church mwaka 1906 ndipo ikajulikana kwamba ndiye aliyeiandika, mwandishi mzoefu aliyewahi kuripoti Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani.

Church alimwambia Virginia kwamba Baba Krismasi yupo, kama vile upendo na ukarimu vilivyopo. Aliwalaumu rafiki za msichana huyo kwamba wameambukizwa mashaka ya zama zao, na akadai kwamba kutomwona mtu si ushahidi kwamba hayupo. Maneno yake yalipangwa kwa ustadi, na hadi leo tahariri hiyo huchapishwa tena kila msimu wa sikukuu kama kielelezo cha hekima ya mtu mzima kwa mtoto.

Itazame kwa makini. Mtoto aliuliza habari za mtu, akajibiwa habari za upendo. Aliomba ukweli, akapewa maneno matamu. Na wale watoto wenzake waliomwambia ukweli, gazeti kubwa la mjini likawatangaza kuwa ndio waliokosea. Mtu mzima mwenye kalamu na heshima alizitumia kumfunga mdomo mtoto aliyekuwa anajifunza kufikiri. Najua watetezi wake watasema kwamba Virginia mwenyewe hakulalamika kamwe. Ni kweli. Alikua, akawa mwalimu na kiongozi wa shule, na mpaka alipofariki mwaka 1971 alilizungumzia jibu lile kwa furaha. Lakini mtu kulipenda jibu alilopewa hakulifanyi jibu lile kuwa la kweli. Na watoto walioumizwa na majibu ya aina hiyo hawakuandikiwa tahariri.

Swali la mtoto kuhusu Baba Krismasi halitoki hewani. Huja baada ya uchunguzi. Desemba moja nilikuwa nyumbani kwa ndugu zangu Dar es Salaam. Binti wa miaka 7 alikuja sebuleni na kile kikaratasi kilichobandikwa kwenye zawadi yake, chenye salamu za Baba Krismasi. Akakiweka mezani, kando ya daftari la mama yake la hesabu za duka, akaweka kidole kwenye herufi moja, kisha kwenye nyingine. "Mama," akasema, "Baba Krismasi anaandika k kama wewe." Watu wazima tuliokuwepo tukaangua kicheko. Mama akamwambia aache maswali, akacheze na wenzake.

Mtoto yule alikuwa amefanya kazi ya mpelelezi. Alikusanya ushahidi, akaulinganisha, akaleta hoja mbele ya watu. Nyumba yao haina bomba la moshi la kupitia mgeni. Madirisha yana nondo, na geti hufungwa kwa kufuli saa nne usiku. Yote hayo alikuwa ameshayafikiria. Habari za mzee mwenye ndevu nyeupe alikuwa ameshazimaliza peke yake. Alichobakiza kukijua ni kama mama yake atamwambia kweli akiulizwa uso kwa uso. Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea. Wanadhani mtihani ni wa Baba Krismasi, kumbe wanaotahiniwa ni wao.

Wanaotetea uongo huu husema ukweli utamvunja mtoto moyo. Mwaka 1994 watafiti Carl Anderson na Norman Prentice wa Texas walichapisha matokeo ya mahojiano na watoto 52 waliokwisha kuacha kumwamini Baba Krismasi, pamoja na majibu ya wazazi wao kwenye dodoso. Wengi wa watoto hao waligundua wenyewe, wakiwa na umri wa miaka 7 hivi, na kwa jumla waliipokea habari hiyo vizuri. Waliojieleza kuwa na huzuni zaidi ni wazazi. Kwa hiyo tuulizane bila kuoneana haya: tunapokazana kusema kwamba yupo, tunamlinda nani? Mara nyingi tunajilinda sisi wenyewe, tusione kwamba mtoto amekua.

Na uongo una gharama. Mwaka 2014 Chelsea Hays na Leslie Carver wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka 3 hadi 7. Baadhi yao walidanganywa kwanza kwamba katika chumba cha pili kuna bakuli la peremende, kisha wakaambiwa kwamba ilikuwa mbinu tu ya kuwaleta wacheze. Baadaye kila mtoto aliachwa peke yake na mwanasesere, akakatazwa kumchungulia. Miongoni mwa watoto wa umri wa kwenda shule, waliodanganywa walichungulia zaidi, na walipoulizwa walikana zaidi kuliko wale ambao hawakudanganywa. Peremende si Baba Krismasi, na jaribio moja halimalizi mjadala. Lakini wahenga walishatuambia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wapo watakaosema kwamba nawanyima watoto hadithi. La hasha. Hakuna jamii inayojua hadithi kuliko sisi wa mwambao na bara la Afrika Mashariki, na ni desturi yetu hiyo hiyo inayotuonyesha njia. Bibi hasimulii habari za Sungura na Fisi bila kubisha hodi. Husema "Paukwa!" na watoto huitika "Pakawa!" Kwingine huanza na "Hadithi, hadithi!" na watoto huialika: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Mtoto anatamka mwenyewe kwamba kinachokuja si cha kweli, anakikaribisha kwa hiari yake, na utamu haupungui hata chembe. Anamcheka Fisi, anamwogopa Zimwi, kisha analala akijua mlangoni hakuna mtu. Kinachotenganisha hadithi na ulaghai ni makubaliano hayo. Baba Krismasi anayesimuliwa kama hadithi sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na yule anayeapiwa kwamba yupo, mbele ya mtoto aliyeuliza.

Tena kwetu uongo huu hauji peke yake. Unaingia kwenye nyumba ambazo tayari zina mazoea ya kuwatawala watoto kwa vitisho vya uongo: usipokula polisi watakuja, usiponyamaza daktari atakuchoma sindano, ukitoka nje mumiani atakuchukua. Sasa tumeongeza Baba Krismasi: ukikorofisha hatakuletea kitu. Kisha siku mtoto anaumwa kweli, anapiga mayowe mlangoni mwa zahanati na hakuna muuguzi anayeweza kumgusa, na tunashangaa woga huo ameutoa wapi.

Kitisho hicho kina ubaya mwingine ambao wenye nacho hawauoni. Januari shule zikifunguliwa, watoto husimuliana walichopata. Mmoja amepata baiskeli. Mwingine, ambaye mama yake hufua nguo kwenye nyumba za watu, hakupata kitu zaidi ya soda na wali wa sikukuu. Kama ni kweli kwamba Baba Krismasi huwapa watoto wema na kuwanyima wakorofi, mtoto huyo wa pili afikie uamuzi gani kuhusu nafsi yake? Ukweli kwamba wazazi hawana uwezo sawa ni mzito, lakini mtoto anaweza kuubeba akielezwa vizuri. Asichostahili kubebeshwa ni fikra kwamba alipimwa na mtu ajuaye yote akaonekana hafai.

Kisha kuna dhuluma dhidi ya mtoaji halisi. Mama amechangia kikoba mwaka mzima. Desemba, siku ya kugawana, amepokea fedha zake na kwenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kusukumana na watu juani. Kwenye mfuko amebeba gauni la zamani la binti yake, akalipime na jipya, kwa sababu akimleta mtoto mwenyewe siri itatoka. Amebishana bei mpaka sauti imekauka, amebana nauli, amelificha gauni chini ya mashuka. Asubuhi ya Krismasi mtoto anaruka kwa furaha na kumshukuru mzee wa Ncha ya Kaskazini. Mtoto anayejua kwamba gauni limetoka kwenye jasho la mama yake anapata vitu viwili: gauni, na ujuzi kwamba anapendwa na mtu anayeweza kumkumbatia. Kwa nini tumpe kimoja tu?

Wala ukweli si mkavu kama wanavyodhani. Nyuma ya sura hii ya Baba Krismasi yupo Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Myra katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi katika karne ya 4. Mapokeo yanasema alisikia habari za baba maskini mwenye binti watatu wasio na mahari, akaenda usiku kwa siri na kuwatupia dhahabu nyumbani mwao, asitake kujulikana. Waholanzi wakamwita Sinterklaas, wakavuka naye bahari hadi Marekani. Huko washairi na wachoraji wakamvika sura mpya. Thomas Nast alianza kumchora katika jarida la Harper's Weekly mwaka 1863, na kuanzia 1931 matangazo ya Coca-Cola yakaisambaza sura ya mzee mnene wa mavazi mekundu duniani kote. Mtoto wa miaka 7 au 8 anaweza kuyaelewa haya yote, na atayasikiliza kwa hamu.

Basi mtoto akikujia na swali lake, usimfukuze wala usimcheke. Muulize kwanza yeye anaonaje, na umsikilize mpaka mwisho, kwa sababu huenda ameshalijibu. Akikuomba umwambie ukweli, mwambie: zawadi tulinunua sisi, kwa sababu tunakupenda. Msimulie habari za Nikolasi. Mwombe asiwabeze wadogo zake ambao bado wanafurahia mchezo huo. Kisha mpe kazi: na yeye achague mtu mmoja, awe bibi, jirani au mwenzake wa darasani, amwandalie kitu kwa siri. Mtoto aliyekuwa anangoja kupewa sasa amekuwa mpaji, na hakuna aliyelazimika kumdanganya ili afike hapo.

Virginia aliandika barua kwa gazeti kwa sababu nyumbani hakujibiwa. Watoto wetu wasilazimike kuutafuta ukweli kwa wageni wakati sisi tuko nao nyumba moja. Mtoto atakuja siku moja na maswali mazito zaidi, kuhusu ugonjwa, kuhusu mwili wake, kuhusu mtu mzima aliyemgusa vibaya. Atayaleta kwa yule aliyemjibu kweli alipouliza dogo.