Msiache Mbachao kwa Msala Upitao

Mtu akishuka basi mjini Kasulu au Kibondo na kuuliza ni wapi panapopikwa chakula kizuri, asitarajie jibu moja. Kondakta atamwelekeza kwenye hoteli iliyo karibu na stendi. Mchukuzi wa mizigo atamcheka kondakta, naye atamwelekeza kwa mama ntilie aliye nyuma ya soko. Mwalimu anayesubiri gari lake atawapinga wote wawili. Kabla mgeni hajapata sahani, amekwisha pata mjadala.

Mabishano haya ni ya siku nyingi, na watu huyaendesha kwa furaha. Tungeweza kuyaacha yapite kama maneno ya kupitishia saa za njaa. Lakini mwenye kuyasikiliza kwa makini ataona kwamba ndani yake limo swali zito juu ya uchumi wa nyanda za juu za mkoa wa Kigoma: hoteli zetu zinapika kwa ajili ya nani, na fedha ya sahani moja ya chakula inakwenda wapi?

Wabishi wamegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza unasifu hoteli za barabarani na za stendi, zenye wali, kuku, chipsi na nyama ya kuchoma. Hoja yao kubwa ni usafi. Wanasema kwamba huko kuna maji ya kunawa yanayotiririka, kuna choo, kuna meza inayofutwa, na msafiri hasumbuliwi na moshi wa kuni. Hoja hii haifai kudharauliwa. Mkoa wa Kigoma haujasahau mwezi Mei 2015, kipindupindu kilipowashambulia wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamejazana Kagunga, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mwenye kuuza chakula pasipo maji safi anahatarisha uhai wa watu, hata kama mapishi yake ni matamu namna gani.

Upande wa pili unasifu vibanda vya mama ntilie. Huko mlaji hupata ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, sombe, dagaa, na siku ya bahati mgebuka kutoka ziwani. Hoja yao kubwa ni kwamba chakula hiki kinashibisha, bei yake inalingana na mfuko wa mtu wa kawaida, na mpishi anamjua mlaji kwa jina. Mchukuzi asiyepata mzigo asubuhi anaweza kula, akalipa jioni. Hakuna hoteli ya stendi itakayomkopesha msafiri ambaye huenda isimwone tena.

Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimeshika sehemu ya ukweli. Lakini likiulizwa swali la ni hoteli ya namna gani itakayoufaa mji kesho na keshokutwa, hatusiti kusimama na upande wa pili. Historia ya miji hii ndiyo inayotuelekeza huko.

Kibondo na Kasulu ni miji iliyozoea kupokea watu na kuwaaga. Zamani, wakati wa ukoloni, nyanda hizi zilikuwa chimbuko la manamba waliokwenda kukata mkonge Tanga. Wenyeji waliondoka, na fedha yao wakaitumia mbali. Baadaye msafara ukageuka. Warundi walikimbilia huku baada ya mauaji ya mwaka 1972, na tena kwa wingi zaidi baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993. Vita vya Zaire vilileta Wakongo, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ikafunguliwa mwaka 1996. Huko Kibondo kulikuwa na Nduta, Mtendeli, Kanembwa, Mkugwa na Karago. Kambi nyingi zilifungwa wakimbizi waliporejea makwao. Kisha ukaja mwaka 2015, Burundi ikachafuka upya, na Nyarugusu, iliyokusudiwa watu 50,000, ikabeba zaidi ya 150,000. Nduta ikafunguliwa tena.

Nyuma ya wakimbizi walikuja wafanyakazi wa mashirika ya misaada, madereva wa malori na wageni wa mikutano. Wote hao wanakula. Basi wapo wenye hoteli waliopanga bei na mapishi yao kwa kumtazama mgeni mwenye posho. Hatuwalaumu, maana mfanyabiashara hufuata penye fedha. Lakini wageni wa namna hiyo hawakai. Warundi walianza kurejeshwa kwao kwa hiari mwaka 2017. Kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021. Masoko ya pamoja, ambako wanavijiji na wakimbizi waliuziana unga, ndizi na mboga, nayo yalifungwa. Shirika linapoondoka huondoka na magari yake, na meza zilizowekwa kwa ajili yake hubaki tupu. Aliyekwisha kumzoesha mkazi kwamba hoteli ile si ya watu wa aina yake hawezi kumwita arudi kwa siku moja.

Kuna wanaosema kwamba barabara itachukua mahali pa mashirika. Ni kweli kwamba njia ya Kidahwe, Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi, iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, imekuwa ikitiwa lami kipande baada ya kipande, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini lami ina tabia yake. Gari lililokuwa likilala njiani kwa sababu ya tope sasa linapita. Abiria aliyekuwa akila mara mbili kati ya Nyakanazi na Kigoma huenda sasa akala mara moja, tena mahali atakapochaguliwa na dereva. Mwenye hoteli asiyekuwa na mteja mwingine ila abiria ameweka riziki yake mikononi mwa dereva huyo.

Sasa tuitazame sahani yenyewe. Maharage ya ugali wa mchana yamelimwa Heru Juu, au Manyovu, au katika vijiji vya jirani. Muhogo umevundikwa, ukaanikwa na kusagwa na akina mama wa vijiji hivyo hivyo. Mawese yametoka kwenye michikichi ya mkoa huu huu. Samaki wametoka ziwani. Kwa hiyo shilingi inayolipwa nyuma ya soko inarudi shambani kabla ya juma kwisha. Wala hatusemi kwamba wali ni chakula cha kigeni, kwa maana mpunga nao hulimwa katika mabonde ya mkoa wetu. Tunalosema ni kwamba mafuta ya kukaangia chipsi mara nyingi ni yale yanayoagizwa kutoka nje, na sehemu kubwa ya mafuta ya kula yanayoingia nchini hutokana na michikichi ya Malaysia na Indonesia. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Kigoma kuhimiza upya kilimo cha michikichi, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora. Ni aibu kwa mkoa kuambiwa uongoze katika zao hilo wakati hoteli zake zenyewe zinaona haya kutumia mawese.

Kadhalika asali. Kibondo inasifika kwa asali ya misitu yake, na wapita njia huinunua kwa madumu. Lakini agiza chai katika hoteli yoyote, utaletewa sukari iliyosafiri kutoka mbali, na asali hutaiona mezani.

Hatudai kwamba kula chakula cha nyumbani ni jambo jepesi wakati wote. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa. Kwa miezi mitatu mgebuka mbichi hakuwa wa kutegemewa. Hapo ndipo thamani ya jiko lisilotegemea kitoweo kimoja ilipoonekana, kwani maharage hayafungwi na tangazo la uvuvi. Jambo hili liwe fundisho kwa kila mpishi.

Yapo pia mambo ambayo mama ntilie hawezi kuyafanya peke yake, na hapa ndipo tunapogeukia viongozi wanaohusika. Taifa letu halijawa na msimamo mmoja juu ya wapishi hawa. Katika kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, wafanyabiashara wadogo wa mijini walisakwa kana kwamba hawana kazi. Baadaye wakapewa leseni zilizobeba jina hilo hilo la nguvu kazi. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya shilingi 20,000 ili wasibughudhiwe. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Lakini mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, na kurejeshwa mwaka 2024. Mtu anayepangiwa utaratibu mpya kila mara hawezi kujenga jiko la kudumu.

Tunaziomba halmashauri za Kasulu na Kibondo mambo matatu. La kwanza, kila soko na kila stendi iwe na mahali palipotengwa kwa mama ntilie, penye bomba la maji na choo. Maji yakiwapo, hoja kubwa ya wanaosifu hoteli za barabarani itakuwa imejibiwa. La pili, mikopo iliyorejeshwa iwafikie wapishi wenyewe, isiishie kwa vikundi vya kwenye karatasi. La tatu, wapishi wasaidiwe kuacha kuni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliotolewa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Miji hii imekwisha unganishwa na gridi ya Taifa tangu mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta. Hata hivyo, maharage huchemka kwa saa nyingi, na mama anayeuza sahani kwa bei ya mchukuzi hawezi kubadili jiko kwa kuambiwa tu.

Nao wapishi wana wajibu wao. Bei ziandikwe, ili mgeni na mwenyeji walipe sawa. Sahani zioshwe kwa maji yasiyorudiwa. Na wasione haya kuandika ugali wa muhogo na sombe juu kabisa ya ubao wao, badala ya kuvificha kana kwamba ni chakula cha watu waliokosa kingine.

Walaji nasi tusijisahau. Anayekula kwa mkopo alipe siku aliyoahidi. Wapo waungwana wanaosimama barazani kusifu jiko fulani kuwa halina mfano mjini, ilhali daftari la mwenye jiko hilo lina majina yao kurasa mbili. Sifa ya namna hiyo hainunui unga. Vibanda vingi havifungwi kwa kukosa wateja. Hufungwa kwa wateja walioshiba na kupotea.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mashirika ni msala upitao, na basi ni msala upitao. Wakaribishwe wote, walishwe vizuri, na walipe haki. Lakini hoteli ya Kibondo au Kasulu itakayokuwa hai miaka kumi ijayo ni ile ambayo mchukuzi, mwalimu, muuguzi na mkulima aliyeleta maharage sokoni wanaweza kukaa meza moja, wakala wakashiba, na kesho wakarudi. Mgeni akishuka basi na kuuliza, aelekezwe huko.